Rashadi ya mama mkwe

Mwezi huu nilikuwa nimepanga tuongee kuhusu bajeti ya wanandoa, lakini nimeiweka pembeni kwanza. Sababu ni ninyi wenyewe. Tangu nilipogusia kidogo tu suala la mama mkwe kuja kukaa nyumbani mtoto anapozaliwa, simu yangu haijapumzika. Wapo waliolalamika, wapo waliotetea, na yupo dada mmoja aliyeandika ujumbe mrefu kweli kweli, akamalizia na swali moja: "Dada mhariri, na wewe yalikukuta?"

Yalinikuta, mwenzangu. Na kwa kuwa ninyi huwa mnanieleza ya kwenu bila kuficha, leo na mimi nalipa deni. Ila nakuonya mapema kwamba hadithi yangu ina mmea ndani yake, tena mmea mdogo unaoweza kuota kwenye sahani ya chai, na kabla hujafunga ukurasa huu nitakufundisha namna ya kuupanda.

Glasi ya saa tatu usiku

Mimi ni mtoto wa Moshi. Kwetu mwanamke akijifungua anapikiwa mtori, ndizi na nyama vikaiva mpaka vikapondeka, na nilikua nikiwaona shangazi zangu wakitoka arobaini wamenawiri kwa chakula hicho. Mume wangu ni mtu wa Unguja. Kabla ya kuoana tuliongea mambo mengi sana, yaani mengi, kuanzia mishahara mpaka idadi ya watoto. Hatukuongea hata siku moja kwamba mzazi wa nyumbani kwetu atakula nini, na nani atakuja kumpikia.

Binti yetu alipozaliwa, mama yangu mzazi alikuwa anaumwa miguu, safari ya basi asingeiweza. Siku ya nne mama mkwe akapanda boti na begi moja la nguo na jingine la vyakula, akaja kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, Dar es Salaam. Mwanzoni nilishukuru Mungu. Nilikuwa na mshono, nilikuwa silali, na yule mama alikuwa anaamka alfajiri kupika uji wa pilipili manga, anafua, anamwogesha mtoto, na hanung'uniki.

Basi ikafika siku ambayo nilianza kuamini maziwa yangu hayatoshi. Mtoto ananyonya, analala dakika ishirini, anaamka kulia tena. Na mimi nikawa nalia naye. Ndipo glasi ilipoanza. Kila siku saa tatu usiku, maziwa ya moto yenye sukari, na ndani yake vijimbegu vidogo vyekundu vilivyovimba, kila kimoja kimevaa koti la ute kama mayai ya chura.

"Kunywa mwanangu, hii rashadi. Mdogo wangu ndiye aliyeileta kutoka Maskati. Maziwa yatajaa."

Yeye alisema yatajaa. Mimi nilisikia kwamba hayajajaa. Nilisikia kwamba sijui kumlisha mjukuu wake. Usiku wa kwanza nilikunywa nikiwa nimefumba macho, wa pili pia. Wa tatu nikamwambia mume wangu chumbani, kwa sauti ya chini, kwamba kile kitu siwezi tena. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini, hata viatu hajavua. Akasema, "We kunywa tu, yaishe."

Msomaji wangu, kuna maneno mafupi yanayoweza kukaa kifuani mwaka mzima. Sikumjibu. Nilichukua glasi, nikaenda jikoni bila kuwasha taa, nikaimwaga kwenye sinki. Kesho yake vilevile, keshokutwa yake vilevile. Mume wangu nikaacha kumwambia chochote zaidi ya "pampasi zimeisha". Naye akahamia kulala sebuleni, eti asimwamshe mtoto kwa kukoroma. Nyumba ikawa na watu wazima watatu, na hakuna aliyekuwa anaongea la moyoni.

Dodoki laota majani

Nilichokuwa sikijui ni kwamba ule ute wa rashadi unanata. Pembeni ya sinki letu, chini ya dirisha, kulikuwa na dodoki la zamani ambalo tulishaacha kuoshea vyombo. Lilikuwa linarukiwa na maji kila bomba likifunguliwa, kwa hiyo halikauki. Kumbe kila usiku nilipokuwa namwaga glasi yangu gizani, mbegu nyingine zilikuwa zinaangukia pale na kuganda.

Jumamosi asubuhi mama mkwe aliniita jikoni, kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko angefoka. Alikuwa amelishika lile dodoki kwa mikono miwili. Juu yake palikuwa pameota msitu mdogo, vishina vyeupe vyembamba kama uzi, vimebeba majani ya kijani, na vyote vimelalia upande wa dirisha.

"Mwanangu," akasema, "miye naosha vyombo hapa kila siku. Ulidhani hizi kazipanda nani?"

Nilitamani sakafu ipasuke nitokee ghorofa ya pili. Nikaanza kujiumauma, mara nimwambie ilimwagika bahati mbaya, mara hivi, mara vile. Yeye akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kigoda akakaa, na mimi machozi yakanitoka, sijui ya aibu, sijui ya uchovu. Akanivuta nikakaa karibu yake.

"Hata miye sikuipenda," akasema. "Mama mkwe wangu alikuwa akisimama mlangoni mpaka niimalize. Ungeniambia tu, mwanangu, miye si askari. Na huyo mtoto maziwa anapata. Huoni anavyolowesha nepi? Nilikupa rashadi kwa kuwa ndicho nikijuacho."

Dodoki hakulitupa palepale. Alinionyesha yale majani, lakini akanikataza kuyaonja kwa sababu lilikuwa na sabuni. Akachukua sahani, akatandika pamba, akailowesha, akanyunyiza mbegu mpya. Kisha akamwita mwanawe kutoka sebuleni. Akamwambia, "Mkeo kazi yake kunyonyesha. Wewe baba, kazi yako maji ya sahani hii, asubuhi na jioni. Zikifa, nitajua."

Rashadi ni nini hasa?

Kitaalamu mmea huu unaitwa Lepidium sativum. Wengine wanauita kwa jina refu la Kiarabu, habat rashadi, yaani mbegu ya rashadi. Ni wa ukoo wa haradali, ukoo uleule wa kabichi, sukuma wiki, chainizi, figili na brokoli. Ukitaka kuutambua ukoo huu usihangaike na majani, angalia ua. Lina petali nne zilizokaa kwa mfano wa msalaba, na ndiyo maana wataalamu wa zamani waliuita ukoo huu Cruciferae, wabeba msalaba. Ua la rashadi ni jeupe na dogo mno, milimita mbili tatu hivi, unaweza kupita karibu yake usilione. Likianguka huja kijitumba bapa chenye umbo la kigamba, na ndani yake mbegu mbili tu. Jina Lepidium lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kigamba kidogo.

Mbegu nazo ni ndogo, gramu moja inaingia mbegu zinazokaribia 500. Asili yake inatajwa kuwa ni kusini magharibi mwa Asia na kaskazini mashariki mwa Afrika. Ethiopia wanaijua siku nyingi, wanaiita feto. Oman na nchi nyingine za Ghuba huchemshwa na maziwa na kupewa mwanamke aliyejifungua, na kwa undugu uliopo kati ya Maskati na Unguja, si ajabu ikafika mpaka kwenye begi la mama mkwe wangu. Uingereza wao hawana habari na mbegu, wanakula machipukizi yake kwenye mkate wenye mayai, na watoto wa shule hufundishwa kuyaotesha kwenye pamba.

Kinachonifurahisha zaidi ni ukali wake. Ukitafuna jani la rashadi utasikia muwasho unaopanda mpaka puani, kama wa haradali au figili mbichi. Sasa sikiliza hii. Jani likiwa limetulia, ule ukali haupo. Ndani yake kuna vitu viwili vilivyotengwa, kila kimoja mahali pake. Ni pale unapolikata au kulitafuna ndipo vinapokutana, na ukali unazaliwa palepale mdomoni. Ukilipika jani zima kwanza, moto unaharibu kimoja kati ya hivyo viwili na ukali karibu wote unapotea. Ndiyo maana rashadi huliwa mbichi, au hutupiwa juu ya chakula baada ya kuepua.

Na ule ute ulioniudhi miye, samahani, mimi (naona nimeanza kuongea Kiunguja), una kazi yake. Mbegu ikiguswa na maji, ndani ya dakika chache inajifunika ute unaoshika unyevu na kuinatisha mahali ilipoangukia. Mwaka 1855 Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza, alikuwa anataka kujua kama mbegu zinaweza kuvuka bahari na kuota ng'ambo. Akaziloweka mbegu za aina kadhaa kwenye maji ya chumvi, rashadi ikiwa mojawapo. Baada ya wiki nzima akazipanda, zikaota, na mwenyewe alikiri hakutegemea. Alilalamikia pia jinsi rashadi ilivyotoa ute mwingi na kushikana bonge. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Kumbe mzee wa watu na yeye ute ulimsumbua!

Panda hivi

Huhitaji shamba wala bustani. Kama una dirisha, una shamba la rashadi.

1. Nunua mbegu zinazouzwa kwa ajili ya kula, kwenye maduka ya viungo na dawa za asili. Mbegu za kupanda shambani mara nyingi hupakwa dawa ya wadudu na kutiwa rangi, hizo usizioteshe kwa ajili ya kula.

2. Chukua sahani bapa safi. Tandika pamba, au tishu zilizokunjwa mara kadhaa, kisha lowesha vizuri. Inamisha sahani maji ya ziada yatoke.

3. Nyunyiza mbegu zikiwa kavu, kama kijiko kimoja cha chai kwa sahani ya kulia wali. Zitandaze zisipandiane. Usiziloweke kwanza kwenye kikombe, zitashikana bonge na hutaweza kuzitenganisha. Wala usizifunike kwa udongo.

4. Funika kwa sahani nyingine siku moja au mbili mpaka uone zimepasuka na kutoa vimizizi. Hapo fungua, weka dirishani penye mwanga, ila si kwenye jua kali la saa sita mchana, litazikausha.

5. Maji asubuhi na jioni. Tumia chupa ya kupulizia, au mimina kwa kijiko pembeni mwa sahani. Pamba iwe na unyevu, isiogelee. Joto la Dar likikutana na maji mengi linaleta ukungu, na ukungu ukiingia tupa yote uanze upya. Lakini usitupe kwa haraka. Manyoya meupe laini yanayozunguka mzizi ni nywele za mzizi tu, ukipulizia maji yanalala na huyaoni tena. Ukungu wenyewe unatambaa ovyo kama utando wa buibui na una harufu mbaya.

6. Miche italalia upande wa mwanga. Geuza sahani kila siku isimame wima.

7. Ikifika urefu wa sentimita tano mpaka saba, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi, kata kwa mkasi na uoshe kwa maji safi. Utaona yale majani ya mwanzo yamegawanyika sehemu tatu kama vidole, hiyo ndiyo alama ya rashadi. Ukishakata usitegemee zichipue tena. Anza sahani nyingine kila baada ya siku nne, hutaishiwa.

Mimi naila kwenye mayai ya kukaanga, kwenye mkate na parachichi, kwenye kachumbari, au juu ya supu nikishaiepua. Mume wangu anaila hivihivi, kama mbuzi.

Na kama unataka kuyaona maua, panda mbegu chache kwenye kopo lenye udongo, litoboe chini, uziache zikue. Mmea huu unapenda ubaridi kiasi. Kwenye joto unakimbilia kutoa maua mapema, na majani yake yanakuwa makali mno, kwa hiyo ninyi wa Lushoto, Njombe na Mbeya mtafaidi majani muda mrefu kuliko sisi wa Pwani. Sisi tutafaidi maua.

Hapa tuwe makini

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani nimempa dawa. Wazee wetu wana imani kubwa na rashadi, na mimi siidharau, lakini mkunga wa kliniki niliyokuwa naenda alinieleza jambo lililonitua mzigo. Maziwa ya mama yanatengenezwa kwa kadiri yanavyotoka. Mtoto akinyonya mara kwa mara, mwili unapata taarifa ya kutengeneza zaidi. Kichanga kunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku na mchana, ni kawaida kabisa. Kumbe binti yangu hakuwa na njaa ya ajabu, alikuwa kichanga tu. Kama mtoto haongezeki uzito au halowani nepi vya kutosha, hilo ni la kwenda kliniki siku hiyohiyo, si la kusubiri glasi.

Mjamzito asitumie mbegu hizi kama dawa, hata mila zenyewe humkataza. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande azungumze na daktari wake kwanza, kwa sababu majani haya yana vitamini K. Na asiwepo anayemeza mbegu kavu, zinavimba. Jambo jingine ni usafi. Unyevu na joto vinavyootesha mbegu ndivyo vinavyokuza vijidudu. Mwaka 2011 nchini Ujerumani machipukizi ya uwatu yenye vijidudu yaliua watu zaidi ya 50. Kwa hiyo sahani safi, mikono safi, maji safi, na wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa wenye kinga dhaifu wasile machipukizi mabichi.

Dakika kumi dirishani

Sasa turudi jikoni kwangu, maana najua wengine mmeruka huko kote mje kujua ile ndoa iliishaje.

Mume wangu alitii amri ya mama yake. Alfajiri kabla ya kwenda kazini, na jioni akirudi, anasimama dirishani na chupa ya maji. Mimi jioni nilikuwa nasimama hapohapo na mtoto begani nikimcheulisha, kwa kuwa ndipo palipokuwa na upepo. Siku za kwanza tulisimama kama abiria wawili kituoni. Tunaangalia mbegu. Siku ya pili zilikuwa na mikia. Siku ya tatu zilikuwa na kijani. Hapo mtu unashindwa kunyamaza, unasema tu, "Umeona?"

Jioni moja umeme ulikatika. Mama mkwe alikuwa amelala mapema. Mume wangu alikuwa anamulika sahani kwa simu.

"Zimegeuka tena," akasema. "Jana tu nilizigeuza."

Nikacheka. Sikuwa nimecheka naye tangu hospitali. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, bila kuniangalia, "Ile rashadi ni mimi niliyeiomba."

Nikamuuliza una maana gani. Akasema usiku mmoja aliamka akanikuta nimekaa kitandani nalia, mtoto mapajani, akashindwa hata kunigusa, akarudi kulala akijifanya hajaona. Asubuhi akamwambia mama yake, afanye anavyojua. Mama ndipo alipompigia mdogo wake aliyekuwa anakuja kutoka Maskati. "Niliposema yaishe," akasema, "nilikuwa nasema kule kulia kwako. Nilikuwa naogopa."

Muda wote ule nilikuwa namwaga glasi ya mama mkwe. Kumbe ilikuwa ya mume wangu.

"Ungeniuliza," nikamwambia.

"Nilikuuliza. Ukaniambia pampasi zimeisha."

Msomaji, sikuwa na jibu. Tuliongea pale mpaka simu yake ikazima. Nilimwambia kwamba naogopa sitoshi kuwa mama wa yule mtoto. Yeye akaniambia anaogopa kumbeba, kwamba shingo yake inamtisha. Usiku ule nilimfundisha kumbeba. Sitakudanganya kwamba kila kitu kilinyooka kesho yake, tuligombana tena, tena si mara moja. Ila sebuleni hakulala tena.

Ninachotaka mkiongee leo

Nyote mnaotarajia mtoto, au mnaotarajia kutarajia, naomba jioni ya leo zimeni televisheni mkae pamoja.

Ongeeni arobaini kabla haijafika. Nani atakuja, atakaa muda gani, atalala wapi, na chakula kitakuwa cha upande gani. Sisi kwa mtoto wa pili tulipanga mapema, wiki mbili mtori, wiki mbili mapishi ya Unguja, na kila mtu alinenepa.

Kaka, wewe ndiye daraja kati ya mkeo na mama yako. Ukisema "yaishe" ukaenda kulala, umewaacha wanawake wawili wavuke bila daraja. Na kama unaogopa, sema unaogopa.

Dada, kitu ukikikataa, kikatae kwa mdomo, kwa heshima zote. Mimi nilikataa kwa kumwaga gizani, nikidhani sinki halisemi. Lilisema, tena kwa majani ya kijani. Mama yule alikuwa tayari kunisikia tangu siku ya kwanza, mimi ndiye sikumpa nafasi.

Na ninyi wote wawili, tafuteni kitu kimoja kidogo cha kukitunza pamoja kila siku, kisichohusu pesa wala kazi wala mtoto. Dakika kumi zinatosha. Haihitaji kuwa rashadi, ingawa kwa mbegu zinazoota ndani ya siku mbili, hakuna wa kusema hana subira.

Binti yetu sasa anasoma darasa la kwanza. Ana sahani yake mwenyewe dirishani, huwa anazipanga mbegu kwa umbo la herufi ya kwanza ya jina lake, zikiota inasomeka. Bibi yake akishuka kwenye boti na kufika kwetu, hata maji hajanywa, anapitiliza jikoni kukagua. Akikuta sahani kavu anamwita mwanawe kwa jina lake kamili.

Glasi? Alinipa tena nilipojifungua wa pili. Safari hii aliniuliza kwanza kama naitaka. Nikamwambia, "Hapana mama, ahsante. Nipe kwenye mayai." Akanipa kwenye mayai.

Basi mpenzi msomaji, tukutane mwezi ujao panapo majaaliwa. Ile bajeti sijaisahau.